Mutoto "muvivu" au mutoto mgonjwa? Benchi, saa na moyo wa watoto wetu

*Wazazi wengi wanahukumu afya ya mtoto kwa macho: anatembea, anakula, anacheza, basi iko sawa. Lakini nguvu ya moyo na pumzi inaweza kupimwa, hata pahali hakuna mashine. Huko Kwale, pwani ya Kenya, kipimo kama hicho kilionyesha kwamba mtoto anayeonekana mzima anaweza kuwa anafanya kazi na nguvu pungufu. Sisi wa Kasongo na Kabambare tunaweza kujifunza nini?*

NYANGWE – Asubuhi kando ya Lualaba, mbele jua halijakuwa kali, utaona watoto wakipandisha kutoka mtoni na bidoni za maji, wengine kichwani, wengine mgongoni kwa kamba. Kisha kidogo ni wao tena, safari hii na daftari mkononi, wakienda masomo kwa miguu. Mzazi akiwaangalia anasema: "Batoto bangu beko wazima, moyo yao ni chuma."

Kwa wengi wao ni kweli. Lakini karibu katika kila darasa kuko mmoja anayebaki nyuma. Siku ya mupira yeye anakaa chini ya mwembe. Akikimbia kidogo anasimama, anashika kifua, anasema moyo inapiga-piga. Nyumbani anaitwa muvivu, darasani wenzake wanamcheka. Hana homa na halalamiki maumivu, kwa hiyo hakuna anayempeleka kituo cha afya. Sababu kwa macho ya watu haumwi.

Ni juu ya mtoto huyo tunaandika leo. Kuna namna ya kupima nguvu ya moyo na pumzi ya mtoto "mzima", na namna hiyo haihitaji umeme wala mashine kutoka Kinshasa. Tukiitumia vizuri, faida yake kubwa kwetu haitakuwa kutafuta mabingwa wa mbio. Itakuwa kumtambua mapema yule mmoja aliye chini ya mwembe.

Kinachopimwa ni nini hasa?

Mtu akifanya kazi nzito, misuli inaomba oksijeni. Mapafu yanaiingiza, damu inaibeba, moyo unaisukuma. Kipimo kikubwa cha wataalamu ni kujua mwili unaweza kutumia oksijeni kiasi gani kwa dakika mtu akifika mwisho wa nguvu zake. Wanamvalisha mask, wanamkimbiza juu ya mkanda unaozunguka au wanampandisha kinga isiyotembea, wanahesabu hewa. Kazi hiyo kwa watoto ni ya zamani: mwaka 1938 Sid Robinson, katika maabara ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alichapisha vipimo vya wanaume kuanzia wavulana wa miaka 6 hadi mzee wa miaka 91. Mwaka 1952 Per-Olof Åstrand wa Stockholm, Sweden, akachapisha vya wasichana na wavulana pamoja na wakubwa.

Jibu linaandikwa kwa mililita za oksijeni kwa kila kilo ya mwili kwa dakika. Watafiti wa Ulaya wamependekeza mpaka wa kuwa macho: mvulana aliye chini ya 42, au msichana aliye chini ya 35, afuatwe kwa karibu juu ya hatari ya magonjwa ya moyo siku za mbele.

Mask na mkanda hatuna. Lakini moyo una tabia moja inayotusaidia: kila kazi ikizidi, unapiga haraka zaidi, na kazi ikiisha, unarudi chini. Moyo wenye nguvu, unaopokea damu nzuri, unarudi chini upesi. Moyo uliochoka, au unaosukuma damu isiyotosha, unabaki juu. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 akiwa ametulia, mapigo yake yako kati ya 75 na 118 kwa dakika. Akikimbia mpaka mwisho yanaweza kufika karibu 200, na kwa mtoto hiyo si ajabu. La kuangalia ni yanarudi kwa mwendo gani.

Watoto wa upande huu wako wa ngapi?

Mtu atauliza: kwa nini tupime watoto wanaotembea kilometa nyingi kila siku? Swali ni la haki, na hata sayansi inampa nguvu.

Kuko kipimo kinachotumika sana mashuleni duniani: mbio za mita 20, kwenda na kurudi, kwa kufuata mlio. Luc Léger wa Montréal, Kanada, ndiye aliyekieneza katika miaka ya 1980. Mtoto anaanza kwa mwendo wa kilometa 8,5 kwa saa, na kila dakika mwendo unaongezeka nusu kilometa. Akishindwa kufika mstarini pamoja na mlio, anatoka. Mwaka 2016 watafiti walikusanya matokeo ya watoto zaidi ya milioni moja, wa miaka 9 hadi 17, kutoka nchi 50. Wa kwanza walikuwa Tanzania. Nyuma yao Aislandi, Estonia, Norwe na Japani. Marekani, pamoja na viwanja vyake vyote, ilikuwa ya 47.

Data za Afrika katika hesabu hiyo zilikuwa chache, lakini zinaonyesha kitu ambacho hata huko Nandi, magharibi ya Kenya, kilionekana. Mwaka 2004 watafiti walilinganisha wavulana wa kabila moja: waliokaa mjini na waliokaa kijijini. Wa mjini walikuwa na wastani wa karibu 50 kwa kile kipimo cha oksijeni, wa kijijini karibu 55. Damu ni moja, mababu ni wamoja. Kilichotofautiana ni maisha ya kila siku: mwendo wa kwenda shule, kazi za shamba, kuchunga ng'ombe.

Kwa hiyo nguvu hii si zawadi tuliyozaliwa nayo milele. Inajengwa na miguu, na inaweza kupotea. Kasongo mjini pikipiki zimeongezeka, na kila mzazi mwenye franka kidogo anapenda mtoto apandishwe. Hatumlaumu mtu, barabara zina hatari zake. Lakini Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji kwa wastani dakika 60 kwa siku za mwendo unaoamsha pumzi, na mwaka 2019 ilitangazwa kwamba vijana 8 kati ya 10 wanaosoma shule duniani hawafikishi. Tusijivune tukafikiri ugonjwa huo hauvuki Lualaba.

Shida nyingine ya wastani ni kwamba unaficha. Darasa zima likiwa na nguvu, mmoja dhaifu anaonekana zaidi kuwa muvivu kuliko mgonjwa. Hapo ndipo habari ya Kwale inaingia.

Kwale: benchi, saa na kidonge kimoja

Mwisho wa miaka ya 1980, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, pamoja na wenzao wa Kenya, walikwenda kwenye shule za msingi za Kwale, pwani, pahali watu wanaongea Kiswahili kama sisi. Kati ya viongozi wao alikuwa Lani Stephenson, na Michael Latham, daktari aliyezaliwa Tanganyika. Hawakuleta mkanda wa kukimbilia. Walitumia kipimo cha kupanda na kushuka benchi, kilichotungwa Harvard wakati wa vita ya pili ya dunia na kundi la Lucien Brouha, Mbelgiji. Unapanda, unashuka, kwa mwendo uliopangwa, kwa dakika zilizopangwa. Kisha unakaa, na mtu anahesabu mapigo yako yanavyorudi chini.

Wavulana 33 waliochaguliwa walikuwa na minyoo, zile tunaita nyoka za tumbo: safura, askarisi na wenzao. Hawakuwa wamelala kitandani, walikuwa wanasoma kila siku kama kawaida. Kundi moja lilipewa dozi moja ya albendazole, kundi lingine kidonge kisicho na dawa. Kisha wiki 7 wakarudishwa kwenye benchi. Waliopewa dawa, alama zao zilipanda: moyo ulikuwa unarudi chini upesi zaidi kuliko mbele. Wale wengine walibaki palepale. Jaribio hilo lilichapishwa mwaka 1990. Jingine, lililochapishwa 1993, lilifuata wavulana kwa miezi 4, na hapo pia waliopata dawa walipata nguvu, wakakua vizuri zaidi, na hamu ya kula ikaongezeka. Kundi hilohilo lilionyesha jambo linalofanana kwa wavulana waliotibiwa kichocho.

Namna inavyotokea inaeleweka. Safura inanyonya damu ndani ya matumbo, siku kwa siku, kidogo-kidogo. Damu ikipungua, ile hemoglobini inayobeba oksijeni inapungua. Moyo, ili upeleke oksijeni ileile, unalazimika kupiga mara nyingi zaidi. Mtoto anachoka upesi, anakaa chini. Mwalimu anaona uvivu, kumbe moyo wake unafanya kazi kuliko wa mwingine yeyote darasani.

Na sisi Maniema, kichocho na minyoo si wageni. Katika miaka ya 1980 watafiti, kati yao Polderman, waliandika juu ya kichocho cha matumbo katika Maniema hii, wakati bado iko chini ya Kivu ya zamani. Mtoto anayeoga na kuchota maji kwenye vijito, anayetembea bila viatu, anakutana na yote mawili. Tuongeze malaria, inayovunja damu. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013–2014 ulikuta kwamba watoto 6 kati ya 10 wa miezi 6 hadi miaka 5 katika Kongo walikuwa na damu pungufu. Ndio haohao wanaoingia darasa la kwanza.

Magonjwa mawili mengine yanayojificha

Damu pungufu ndiyo ya kawaida zaidi. Lakini chini ya mwembe kunaweza kukaa magonjwa mengine mawili yasiyopona kwa kidonge cha minyoo.

La kwanza ni ugonjwa wa moyo unaotokana na koo. Mtoto anaumwa koo, kuko homa, anapona bila dawa. Kwa wengine, mwili unaopigana na kile kijidudu cha koo, streptokoki, unageuka kushambulia viungo na moyo. Magoti yanavimba na kupona, lakini zile vali za moyo, milango midogo ya kupitisha damu, zinabaki na kovu. Miaka inapita, mtoto anacheza, na mlango unaendelea kuharibika. Mwaka 1998 Longo-Mbenza na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanafunzi 4 848 wa Kinshasa: karibu 14 kwa kila 1 000 walikuwa na ugonjwa huo, na mitaa ya maskini iliyojaa watu ndiyo iliyoathirika zaidi. Katika shule ya watoto 500, hesabu kama hiyo ni watoto 7.

Habari njema imetoka kwa jirani. Gulu, kaskazini ya Uganda, watoto na vijana 102 200 walipimwa moyo kwa ekografi. Waliopatikana na dalili za mwanzo, ambao hawakujua kama ni wagonjwa, walifuatwa kwa miaka miwili. Kati ya waliochomwa sindano ya penisilini kila wiki 4, ni asilimia 0,8 tu ambao ugonjwa uliendelea. Kati ya wasiochomwa, asilimia 8,2. Dawa ni ya zamani na inajulikana na kila muuguzi. Kinachokosekana ni kumjua mtoto mapema.

La pili ni drepanositozi, ile watu wanaita SS. Kinshasa, watoto wachanga zaidi ya 31 000 walipopimwa damu, asilimia 1,4 walikuwa na ugonjwa wenyewe, na karibu 17 kwa mia walibeba alama yake. Mtoto wa SS asikimbizwe mpaka mwisho wa nguvu. Kiu, joto na uchovu mwingi vinaweza kumwamshia maumivu makali. Kumwita muvivu na kumzungusha uwanja mara kumi kama adhabu ni hatari kwa maisha yake.

Kubeba mzigo si kipimo cha afya

Kuko kosa jingine, na hili ni la upande wa pili. Tunamwona mtoto akibeba, tunasema ana nguvu, basi abebe zaidi. Bidoni ya lita 20 ni kilo 20. Mtoto wa kilo 28 akiibeba, amebeba zaidi ya thuluthi mbili za mwili wake. Mwaka 1986 wanasayansi waliowapima wanawake wa Kenya, watu wazima waliozoea kubeba kichwani, waliona kwamba wanaweza kubeba hadi sehemu moja ya tano ya uzito wao bila kutumia nguvu ya ziada. Juu ya hapo, mwili unaanza kulipa. Sehemu ya tano ya kilo 28 haifiki kilo 6.

Nyangwe ina kumbukumbu ya mizigo. Mwaka 1871 Livingstone alikuta hapa soko kubwa kando ya mto, na akaandika habari za wanawake waliokuja kwa miguu na vikapu na vyungu vyao. Ilikuwa nchi ya misafara, na mtu alihesabiwa kwa anachobeba. Leo, kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Salamabila, kuko watoto wanaobeba mchanga na mawe. Moyo wao unaweza kupimwa ukaonekana una nguvu, na bado mgongo, mapafu na masomo yao vikawa vinaharibika. Kwa hiyo alama nzuri kwenye benchi isitumike kamwe kusema mtoto anaweza kufanya kazi ya mtu mzima.

Namna ya kufanya hapa kwetu

Njia ya kwanza, nyepesi kuliko zote, ni kutembea dakika 6. Pima kwa kamba mita 30 pahali palipo sawa, weka jiwe kila mwisho. Mtoto atembee kwenda na kurudi, haraka anavyoweza bila kukimbia. Hesabu mita. London, watoto wazima wa miaka 4 hadi 11 walifikisha wastani wa mita 470. Hong Kong, wa miaka 7 hadi 16 walifikisha karibu 660. Tunisia nao waliandika hesabu za watoto wao wenyewe, kwa kuwa urefu, chakula na maisha havifanani. Na sisi tuandike zetu, tusikope za London.

Njia ya pili ni benchi. Tafuta benchi imara, isiyocheza, ya kimo cha sentimita 30 hivi. Kipimo cha asili cha Harvard ni sentimita 50 kwa dakika 5, mara 30 kwa dakika, lakini kilitungwa kwa vijana wakubwa wa jeshi na chuo. Mtoto wa msingi apewe dakika 3. Mwendo unaweza kushikwa na ngoma: mguu juu, mguu juu, mguu chini, mguu chini. Duru moja kwa sekunde mbili.

Akimaliza, akae. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake, tumia saa ya telefone. Hesabu mapigo kwa nusu dakika mara tatu: kuanzia dakika ya 1, kuanzia dakika ya 2, kuanzia dakika ya 3. Jumlisha. Kisha chukua sekunde alizopanda, zidisha kwa 100, gawa kwa ile jumla mara mbili.

Mfano: mtoto wa kwanza ana mapigo 60, 50 na 45. Jumla ni 155, mara mbili ni 310. Sekunde 180 mara 100 ni 18 000, gawa kwa 310, unapata 58. Mtoto wa pili ana 75, 70 na 66. Jumla ni 211, na alama yake ni karibu 43. Wote wawili walimaliza, wote walicheka. Kwa macho hakuna tofauti. Lakini moyo wa pili bado unapiga zaidi ya mara 130 kwa dakika wakati wa kwanza umeshatulia. Huyo wa pili ndiye wa kuitwa pembeni kwa upole na kupelekwa kituo cha afya.

Alama hizo zisilinganishwe na meza za wakubwa. Mtoto alinganishwe na wenzake wa umri wake, na zaidi sana na yeye mwenyewe: mwanzo wa mwaka na mwisho wa mwaka, mbele ya dawa na nyuma ya dawa.

Masharti sherti yafuatwe:

- Kipimo kifanyike asubuhi, kivulini, mtoto akiwa amekula na kunywa maji.
- Mwenye homa, mwenye SS, aliyewahi kuzimia, mwenye kuumwa kifua au kuvimba miguu asipande benchi. Huyo anahitaji daktari kwanza.
- Mtoto akisema ameumia, anazunguka kichwa au midomo inabadilika rangi, anasimama palepale. Hakuna kumsukuma.
- Alama zisisomwe mbele ya darasa. Zisiwe mashindano wala adhabu.
- Mzazi aambiwe mbele, akubali, na apewe jibu.

Na wasichana?

Tuone kitu kimoja: katika yale majaribio mawili ya minyoo ya Kwale, waliopimwa ni wavulana. Kwetu pia mupira ni wa wavulana, na msichana akifika miaka 12 anaambiwa kukimbia si adabu. Lakini huyohuyo msichana atakuwa mama, na mwili wake utabeba mimba na damu ya watu wawili. Hedhi inamwongezea upungufu wa damu. Kama kuko mtoto mmoja ambaye moyo wake unastahili kupimwa kabla ya wote, ni yeye. Mwalimu mwanamke au mama wa kamati ya wazazi awe karibu, na nguo ya kukimbilia iwe ya heshima. Hayo yanapangika.

Nani afanye, nani alipe?

Hapa ndipo mazungumzo ya kweli yanaanza. Tangu elimu ya msingi iwe ya bure, Septemba 2019, watoto wameingia kwa wingi. Ni jambo jema. Lakini mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi kumjua kila mtoto kwa pumzi yake. Kumwongezea kazi bila msaada ni kumwonea.

Tunavyoona, kazi igawanywe. Mwalimu na wanafunzi wakubwa wahesabu mita na mapigo: dakika kumi kwa kila mtoto, siku chache kwa mwaka. Muuguzi mkuu wa kituo cha afya apokee orodha ya wale wa chini kabisa, awaangalie macho na viganja kama vimepauka, apime malaria na hemoglobini, asikilize moyo kwa stetoskopu. Wahudumu wa kijiji, wale reko wanaogawa dawa ya upofu wa mto, wanajua nyumba zote, wafuate waliopewa dawa. Gharama kubwa hapa si benchi. Ni dawa za minyoo, vipimo vya damu, na penisilini visikosekane kituoni. Zoni ya afya ikileta benchi bila dawa, itakuwa imewahesabu wagonjwa na kuwaacha.

Tuseme pia mipaka. Benchi haisemi mtoto anaumwa nini. Vali iliyoanza kuharibika inaweza kupita bila kuonekana. Ekografi ya moyo na daktari wa moyo viko mbali, na Bukavu, mji ambao wagonjwa wengi wa mashariki walizoea kukimbilia, uliingia mikononi mwa M23 Februari 2025. Ndiyo sababu hasa tusipoteze kile kinachoweza kufanyika hapa: koo litibiwe mapema, minyoo itolewe, damu irudishwe. Atakayebaki dhaifu baada ya hayo ndiye anayestahili familia kutafuta nauli ya safari ndefu.

Na mtu asiseme kwamba kupima watoto ni mambo ya wazungu au ya mji mkubwa. Kasongo ilipima zamani. Katika miaka ya 1970 na 1980, wauguzi na madaktari wa mradi wa Kasongo, pamoja na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, walipima watoto wadogo uzito na urefu na kuwafuata, kujua nani anaishi na nani anakufa. Mwaka 1981 jarida *The Lancet* lilichapisha kazi yao juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa Kasongo. Dunia nzima ilisoma jina la mji wetu. Waliofanya hesabu hizo nyumba kwa nyumba walikuwa watu wa hapa.

Kwa hiyo ujuzi haukosekani. Kwa kuanza, darasa moja lingetosha, katika shule moja ya Nyangwe, Wamaza au Kabambare-kati: benchi moja, ngoma moja, daftari moja lenye majina yanayofungwa kabatini, na kituo cha afya chenye dawa.

Mpaka siku hiyo, kila mmoja wetu anaweza kufanya jambo moja bila kipimo chochote. Mtoto akisema "moyo inapiga-piga", tusimjibu "acha uvivu". Tumkalishe, tumshike mkono, tuhesabu. Akirudia siku nyingine, tumpeleke kituo.

*Shule yako ingekubali kujaribu? Ongea na mkurugenzi wa shule na muuguzi wa kituo chenu, kisha mtuletee habari. Tutaongelea jambo hili tena katika kipindi chetu cha afya.*